Mpango Mkakati wa Mabomba Mawili

Butembo ya siku hizi huchimbi choo bila mpango mkakati wa mawasiliano. Choo chenyewe kitasubiri. Kwanza ujulikane ujumbe mkuu wa choo, walengwa wa choo, njia za kuwafikia walengwa wa choo, na viashiria vitakavyothibitisha kwamba walengwa wamefikiwa na wameelewa kuwa hicho ni choo. Ukimaliza yote hayo na pesa bado zipo, unaruhusiwa kushika jembe.

Sisi hata choo hatuna. Shirika letu ni dogo, ofisi ni chumba na ukumbi mwembamba, na kazi yetu ni kujenga chemchemi. Mji huu umekaa juu ya vilima, na chini ya vilima maji yanatoka yenyewe bila kuombwa na mtu. Tunachofanya ni kuyajengea ukuta, kuyatilia mabomba mawili na kuwazuia mbuzi kwa uzio wenye mlango. Kazi hiyo tumeifanya miaka yote bila kuulizwa mkakati. Tulikuwa tunamwendea shefu wa kartie, tunakaa naye, anaita watu, watu wanakuja na majembe na mawe, siku ya salongo, ya kazi ya pamoja, saruji inamwagwa, jioni maji yanatoka bombani. Watu walijuaje kwamba kuna chemchemi? Waliubeba mchanga wake kichwani, wangeachaje kujua?

Mfadhili mpya amesema hayo ni mambo ya kizamani. Barua yake, yenye adabu kubwa, ilieleza kwamba fungu la pili la pesa litatoka baada ya kupokelewa mpango mkakati wa mawasiliano usiopungua kurasa 15. Kurasa 15 kwa mabomba mawili! Ni kurasa saba na nusu kila bomba. Mkurugenzi akazungusha macho ofisi nzima, akampita mhasibu, akampita fundi, akampita mlinzi, macho yakatua kwangu. "Wewe si ulikuwa unasoma redioni?" Nilikuwa nasoma matangazo ya vifo. Kwa hesabu za ofisi yetu, hiyo inatosha: mimi ndiye mtaalamu wa mawasiliano, naenda mafunzoni.

Mafunzo yalikuwa Beni. Kila kitu sasa kiko Beni. Tangu waasi wa M23 waichukue Goma mwezi wa Januari 2025, serikali ya mkoa wetu wa Kivu ya Kaskazini imehamia huko, na serikali inapohamia, semina zinaifuata nyuma zimebeba mabango. Barabara ni kilomita 50 na kitu, ile namba 2 ya taifa, ambayo mwenye akili zake anaipita mchana. Unatoka kwenye baridi yetu umevaa koti, unafika kwenye joto lao umelikunja kwapani, na njiani umeonyesha kitambulisho kwa watu wengi kiasi cha kuandikisha daftari la wapiga kura.

Ukumbini palikuwa na bango lenye nembo nyingi kuliko washiriki. Mwezeshaji alikuwa ameletwa kwa ndege, suti ya buluu, kompyuta nyembamba kama chapati. Akagawa vikaratasi vya kunata, vya njano tuandike matarajio, vya waridi tuandike hofu. Kwenye njano karibu wote tuliandika "kupata maarifa", isipokuwa mkweli mmoja aliyeandika "perdiemu". Kwenye waridi, watu wa Beni wakaangaliana. Mmoja akauliza: hofu za kuanzia mwaka gani? Mwezeshaji akafafanua haraka kwamba ni hofu za mafunzo tu.

Kisha orodha ya mahudhurio ikazunguka, na hapo pakatokea mzozo. Sisi Wanande majina tunapewa kwa zamu ya kuzaliwa: kwa wavulana Paluku ni wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, na msichana wa kwanza ni Masika. Ukiita Kambale katikati ya soko la Butembo, nusu ya watoto wa pili wa mji wanageuka. Mhasibu wa mafunzo, mgeni naye, alipoona kina Kambale wamefuatana kwenye karatasi, alishuku kuna mtu mmoja anayejisainia posho kwa miandiko tofauti. Ikabidi kina Kambale wote wasimame, wahesabiwe. Asubuhi ikaishia hapo, na bado hatukuwa tumejifunza kugawa hadhira katika makundi.

Somo la kwanza lilikuwa la Lasswell. Harold Lasswell alikuwa Mmarekani, msomi wa siasa, na mwaka 1948 aliandika kwamba ukitaka kuyachambua mawasiliano yoyote, uliza mambo matano: nani anasema, anasema nini, kwa njia gani, anamwambia nani, na matokeo yake ni nini. Nikanakili. Ni maswali mazuri, mke wangu naye huyatumia yote matano nikichelewa kurudi nyumbani. Ila yeye ana la sita, na ndilo ninaloliogopa kuliko yote: "Na huyo uliyemwambia, alikujibu nini?" Nikanyoosha mkono, nikauliza kama Lasswell naye ana la sita. Mwezeshaji akatazama saa, akasema swali ni zuri sana, tuliweke maegeshoni. Maegesho ni karatasi kubwa iliyobandikwa karibu na mlango, ambako maswali mazuri sana hupelekwa kupumzika. Langu lilipumzika pale hadi mafunzo yakaisha.

Likaja somo la malengo. Lengo sharti liwe SMART, jambo lililoandikwa mwaka 1981 na George Doran, Mmarekani mwingine, katika jarida la mameneja. Liwe mahususi, lipimike, liwe na mtu wa kulibeba, liwezekane, liwe na tarehe. Mimi na Doran hatuna ugomvi. Mtu aliyetaka kila lengo liwe na mwenyewe alikuwa ameona ofisi nyingi. Ugomvi wangu ni na jedwali letu, kwenye safu ya "mhusika", ambako kikundi changu kiliandika "wadau wote" kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Sisi tunaoishi hapa tunajua kazi ya wadau wote ni kazi gani. Ni ile ambayo siku ya picha wote wanafika.

Na tarehe nazo! Mwezeshaji alitaka kila shughuli ipangiwe wiki yake kwa mstari wa rangi. Nikamweleza kwamba Butembo kuna siku ya soko, siku ya salongo, siku ya ibada, na kuna ville morte, mgomo wa mji mzima. Vijana wa vikundi vya shinikizo, wa Véranda Mutsanga au wale wa Parlement debout ya Furu wakiitangaza jioni, asubuhi barabara kubwa iko tupu na milango ya maduka imefungwa, hata ya wale wanaosema hawakubaliani. Ujumbe mmoja, usiku mmoja, mji mzima, bajeti sifuri. Hakuna shirika lolote hapa lililowahi kufikia nusu ya hapo, hata likigawa kofia. Mwezeshaji akasema tuiandike kwenye safu ya "hatari". Mimi ningewaalika waje watufundishe, na wasipewe perdiemu, maana inaonekana wanafanya vizuri zaidi bila hiyo.

Jedwali la wadau ndilo lililonimaliza. Unachora mraba, unaugawa vyumba vinne: wenye nguvu na nia, wenye nguvu bila nia, wenye nia bila nguvu, na wale wasio na hiki wala kile. Kila mdau anapewa chumba chake. Mfadhili akawekwa juu kabisa kwa kauli moja, pamoja na gavana, na wa tatu akawa meya. Mshiriki kutoka Oicha akauliza kwa upole: na wenye bunduki wa msituni wakae chumba gani, maana nguvu wanazo, na nia yao tumeiona. Ukumbi ukatulia. Mwezeshaji akasema mchoro huu ni wa wadau wanaoweza kualikwa.

Akina mama wanaochota maji wakawekwa chumba cha nia kubwa na nguvu ndogo, ambacho maelekezo yake ni neno moja: wajulishwe. Nguvu ndogo? Aliyetunga mraba huo hajawahi kujaribu kuruka foleni ya bido za maji chemchemini saa kumi na moja alfajiri. Namwalika. Aje na mraba wake.

Tukafika kwenye njia za kufikisha ujumbe. Kwenye skrini palikuwa na bango la barabarani, tangazo la redio, ujumbe wa simu, fulana. Nikajaribu kueleza jinsi habari zinavyotembea kwetu. Mfanyabiashara wa Butembo anaagiza mzigo Guangzhou au Dubai akiwa amesimama mlangoni pa duka lake, na siku mzigo unapofika mpaka wa Kasindi, kabla haujamaliza ushuru, jirani yake ameshapunguza bei. Kifo kikitokea, asubuhi kinasomwa Radio Moto, redio ya dayosisi, na mchana msiba umejaa watu kutoka vijiji ambavyo gari la mradi halijawahi kuvifikia. Na kuna matangazo ya kanisani. Yanasomwa baada ya komunyo, padri akiwa bado hajatoa baraka ya mwisho, kwa hiyo hakuna anayethubutu kutoka. Nionyesheni kituo cha televisheni popote duniani chenye hadhira iliyokamatwa namna hiyo. Mwezeshaji akaandika "viongozi wa dini" na kuweka alama ya kuuliza.

Haya yote ningeyavumilia. Perdiemu ilikuwa nzuri, na mchana kulikuwa na sombe na samaki. Kilichonifanya nianze kunung'unika kwa sauti ni mfano alioutumia kufundishia. Ulikuwa mfano wa kampeni ya dawa ya meno katika nchi ya mbali, jinsi kampuni ilivyosoma soko, ikapanga ujumbe, mauzo yakapanda. Tumekaa Beni, kilomita kama 30 kutoka Mangina, tunafundishwa mawasiliano kwa dawa ya meno!

Kama kuna mji duniani ambao hauhitaji kuletewa mfano kwa ndege, ni Beni, na wa pili ni Butembo. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola imeingia kwetu, kupitia hiyohiyo Mangina. Ilikuja kutangazwa imekwisha tarehe 25 Juni 2020. Katikati ya tarehe hizo waliugua watu 3,470, wakafa 2,287. Likaja jeshi zima la wataalamu tuliloliita Riposti, na kila mmoja wao alikuwa na mpango wa mawasiliano. Majedwali yote niliyoyaona ukumbini, tulishayaona yakitembea barabarani kwa magari ya jipi yenye vipaza sauti juu. Nani anasema: Riposti. Anasema nini: Ebola ipo, nawa mikono, usimguse maiti, mpeleke mgonjwa kituoni. Kwa njia gani: kila njia. Anamwambia nani: wewe.

Mwezi wa Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo, na majibu yakachapishwa mwaka uliofuata katika jarida la Lancet Infectious Diseases. Karibu mmoja kati ya wanne alisema Ebola si kitu cha kweli. Na waliokuwa na imani kwamba viongozi wao wa hapa wanawatetea hawakufika hata theluthi. Namba ya kwanza imenukuliwa kwenye kila semina tangu siku hiyo, kuonyesha kwamba sisi ni wagumu kuelewa. Ya pili sijaisikia ikisomwa kwa sauti, ingawa zote mbili zilitoka kwenye karatasi moja.

Maana watu walikuwa wanajibu. Walijibu tangu mwanzo. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanachinjwa kwa mapanga, vijiji vinahama, na jipi hazikuja hivi. Sasa umekuja ugonjwa, jipi zimejaa hadi hakuna pa kuegesha, nyumba zinapangishwa kwa dola, vijana wa watu wanapewa kazi kwa kujuana. Watu wakaiita biashara ya Ebola, na wakauliza swali ambalo kila mtoto wa hapa alilijua: mbona kwa hiki mmekuja, na kwa kile hamkuja? Swali hilo halikuwa na safu kwenye jedwali. Likaitwa uvumi, likapelekwa maegeshoni.

Chanjo nayo. Ilitolewa kwa duara: aliyemgusa mgonjwa, na aliyemgusa huyo aliyemgusa. Kitaalamu ni sawa kabisa, na hatimaye watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Lakini simama kwenye uzio wako ukiona jirani wa kulia amechanjwa, wa kushoto amechanjwa, wewe umerukwa, halafu uambiwe usiwe na wasiwasi. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza kuna nini.

Kisha tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi wa rais, tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura hadi mwezi wa Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama. Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari. Sisi tukapiga kura tarehe 31 Machi, ya wabunge, rais akiwa ameshazoea kiti. Kwa miezi mitano vipaza sauti vilikuwa vikiimba kwamba Ebola haina siasa. Lisemwalo lipo, kama halipo laja: uvumi ulikuwa umekaa unasubiri ushahidi, na ushahidi ukaja kutoka Kinshasa ukiwa na muhuri. Siku ya kura watu wa Beni walijipangia uchaguzi wao, wakapanga foleni, wakatumbukiza karatasi zao kwenye masanduku yao. Kura hizo hazikuhesabiwa popote, lakini kama mawasiliano zilikuwa wazi kuliko bango lolote.

Yaliyofuata sina mzaha nayo. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa, siku tatu kutoka kimoja hadi kingine. Tarehe 19 Aprili, Dkt. Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kamerun aliyekuja kutusaidia, aliuawa kwa risasi akiwa kwenye mkutano katika hospitali ya chuo kikuu cha Graben, hapa Butembo.

Ila katika yale yote kulikuwa na mambo yaliyofaa, na ndiyo nilitaka yafundishwe badala ya meno. Beni, shirika la ALIMA lilikuwa na vyumba vya wagonjwa vilivyoitwa CUBE, kuta zake plastiki inayoonyesha ndani. Ndugu anasimama nje, anamwona mama yake kitandani, anaona anapewa dawa, anaona amegeuka amelala upande. Muuguzi anaingiza mikono kwenye mikono ya plastiki iliyoshonewa ukutani, anahudumia akiwa upande wa pili. Ukisikia mtaani kwamba humo watu wanakatwa viungo, unakwenda, unasimama, unatazama. Na mifuko ya kuzikia ikaja ya kuonyesha, baada ya familia kulalamika kwamba hawajui wanazika nani, kwamba huenda jeneza lina mawe. Wafanyakazi wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakiandika watu walichosema, swali, lawama, uvumi, vyote, na karatasi zile zikawa zinahesabiwa na kupelekwa kwa wakubwa. Mtu alilalamika, kitu kikabadilika, akaona kimebadilika. Ndilo swali la sita la mke wangu, limefanyiwa kazi kwa plastiki.

Nikayasema haya ukumbini, kwa kirefu, pengine kwa kirefu mno, maana chai ilipoa. Mwezeshaji akashukuru kwa ushuhuda wenye hisia. Tukaingia vikundi kutengeneza mpango wa mfano, na mimi kwenye jedwali letu, chini ya "matokeo", nikachora safu moja zaidi: "Watatujibu nini, na tutafanya nini na jibu lao."

"Na kiashiria chake?" mwezeshaji akauliza.

"Idadi ya mambo tuliyobadilisha kwenye mpango baada ya kuambiwa."

Akafikiri kweli, sitamsingizia. Akavua miwani. "Shida yake, ndugu yangu, mkibadilisha mambo mengi, mfadhili ataona mpango wenu haukuwa mzuri."

"Na tusipobadilisha kitu?"

"Hapo ataona mlitekeleza."

Tukapigwa picha na vyeti. Tukajaza fomu ya kutathmini mafunzo, kurasa mbili za kuweka alama kwenye viboksi, na mwishoni kabisa "maoni mengine", nafasi mstari mmoja, tena mfupi.

Butembo nikarudi na ujumbe wangu mkuu wa aina tatu, kama tulivyofundishwa: maji safi ni uhai, nawa mikono kwa sabuni, linda chemchemi yako. Tukawakusanya watu pale bondeni, ukuta umeshapanda, mabomba yameshikizwa kwa vijiti kusubiri saruji. Nikaufikisha ujumbe, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akina mama wakasikiliza kwa heshima, wamekalia bido zao, wakapiga makofi. Ndipo mmoja wao, mama mtu mzima mwenye kitenge cha kijani, akasimama.

"Wasingya, papa. Maji ni uhai, tunajua, tumeyabeba tangu utoto. Ufunguo wa ile mlango njo utakaa kwa nani?"

Kumbe chemchemi ya ng'ambo, iliyojengwa na mradi mwingine, ufunguo ulikaa kwa kijana wa mkubwa mmoja, na maji yalifunguka alipoamka. Wa pili akauliza franga za matengenezo zitashikwa na nani na zitasomwa wapi. Wa tatu hakuuliza chochote. Alishuka hadi kwenye bomba na bido yake ya lita 20, akaiweka chini ya bomba wima. Haikuingia. Akailaza ubavu, akaonyesha maji yatakapofika kabla ya kuanza kumwagika. Nusu. "Kila asubuhi nusu, papa? Ama mtatupa na kikombe?"

Fundi wetu, mtu ambaye hajawahi kukubali kosa hata la mvua, alisema bomba liko kwenye kipimo cha mchoro. Akatoa mita, akapima bomba, akapima bido, akapima bomba tena kwa matumaini. Kisha akang'oa vijiti bila kusema neno, akapandisha mabomba yote mawili. Ufunguo ukapewa mama wa kitenge cha kijani na mwenzake, na hesabu za franga zikaamuliwa zisomwe kanisani, pale kabla ya baraka ya mwisho. Siku hiyo nilipata mambo matatu yaliyobadilika. Kwenye lugha ya semina, nilivuka lengo.

Mpango nimeuandika, kurasa 15 kamili, mbili kati yake nembo. Fulana zimo, bango limo, matangazo ya redio yamo. Na nimetia benchi mbili za mbao, za kuwekwa pale chemchemini, ili kila mwezi mmoja wetu aende akae alfajiri wakati bido zinajaa, asikie yanayosemwa. Mfadhili amepitisha fulana siku hiyohiyo. Kuhusu benchi ameandika anaomba maelezo ya ziada: zinafikisha ujumbe gani?

Mhasibu wetu, ambaye nilimdhania hana moyo, ndiye aliyeniokoa. Ameziandika kwenye fungu la vifaa vya matangazo, kati ya kipaza sauti na betri zake. Benchi zimeshatengenezwa, zimepakwa rangi, risiti ya seremala ipo. Mkaguzi akija kuuliza benchi inatangazaje, nitamwomba aamke mapema, nimpeleke bondeni saa kumi na moja, nimkalishe. Akina mama watamweleza wenyewe, na nina hakika hawataishia kwenye benchi.